KOMPYUTA MOJA, MIFUMO MIWILI: TUACHE KULIPIA WINDOWS ZA WIZI



Ndugu zetu wazazi na wanafunzi, leo tunataka kusema juu ya jambo linalofanyika majumbani mwetu, madukani mwetu na hata katika ofisi za madrasa zetu, wala halikemewi kwa sababu karibu kila mtu analifanya. Kompyuta imejaa virusi, au imenunuliwa iliyotumika, au imekuwa nzito. Inapelekwa kwa fundi. Fundi anasema, "Nitakupigia Windows mpya." Analipwa pesa isiyozidi bei ya kilo mbili za nyama, na jioni mashine inarudi inang'aa, imejaa programu ambazo kwa njia ya haki zingegharimu mamilioni. Baba mwenye nyumba anamshukuru fundi na kumwombea dua. Hakuna aliyeuliza ile Windows imetoka wapi.

Sisi tunasema imetoka mahali ambapo Muislamu hapaswi kununua. Na tunasema zaidi ya hapo, kwamba leo hii hakuna dharura ya kuinunua, kwa sababu ipo mifumo endeshi ya halali, ya bure, inayoweza kukaa katika kompyuta hiyo hiyo pamoja na Windows iliyokuja na mashine, kila mmoja katika chumba chake. Anayewasha ndiye anayechagua. Jambo hili si geni wala si la wataalamu peke yao. Lakini kwetu Kisugu ukilitaja unatazamwa kana kwamba umeleta dini mpya.

Tuanze na fundi. Wengi wao ni vijana wetu, wengine tuliwasomesha Juzuu Amma sisi wenyewe, na hatuwachukii. Wanatafuta riziki. Hata hivyo tungependa wazazi waelewe kitu kimoja ambacho mafundi wengi ama hawakijui ama hawakisemi. Tangu ilipotoka Windows 8 mwaka 2012, kampuni zinazotengeneza laptopu na kuziuza zikiwa na Windows huandika ufunguo wa leseni ndani ya ubao wa mashine yenyewe. Ukiifuta diski yote, ufunguo haufutiki. Ukiweka tena Windows ya aina ile ile iliyokuja na mashine kisha ukaunganisha intaneti, inautambua ufunguo wake na kujithibitisha bila wewe kulipa hata shilingi. Na faili ya kuwekea Windows hupakuliwa bure katika tovuti ya Microsoft wenyewe, kwani wanachouza wao ni ile leseni.

Sasa tazama yanayotendeka. Laptopu imeingia Kampala kutoka Ulaya au Dubai, imetumika, lakini ubaoni mwake ina leseni halali ya Windows Home. Fundi ana flashi moja tu mfukoni, yenye Windows Pro na kraki ya kuvunjia leseni. Anaipiga hiyo hiyo katika kila mashine inayoletwa mezani kwake. Mashine iliyoingia dukani ikiwa na Home ya halali inatoka na Pro ya wizi. Yaani mzazi amelipa pesa ili cha halali alichokuwa nacho kiondolewe na awekewe cha haramu! Tumeliona hili kwa macho yetu, na si mara moja.

JE, NI WIZI KWELI?

Hapa ndipo watu wanapotujia juu. Husema, "Microsoft ni matajiri, hawatapungukiwa na chochote." Wengine huongeza, na hawa ndio wanaotusikitisha zaidi, kwamba kampuni ni ya makafiri na kwa hiyo mali yao haina ulinzi kwetu. Jamani! Mali ya mtu haiwi halali kwako kwa sababu ni nyingi, wala kwa sababu mwenyewe si wa dini yako. Duka la Mhindi kule mjini lina bidhaa kuliko duka lako, je utaingia kuchukua? Na wewe uliyefunga mkataba wa kutumia programu kwa masharti yake, ukabonyeza mahali palipoandikwa kwamba umekubali, halafu ukaendesha kraki dakika hiyo hiyo, umefanya nini kama si kuvunja ahadi uliyoitoa kwa kidole chako mwenyewe?

Wanaodhani kwamba suala hili ni la kizungu na fiqhi haikulizungumza, tunawakumbusha kwamba Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha tano kilichofanyika Kuwait mwezi wa Desemba 1988, lilipitisha azimio nambari 43 kwamba haki za uandishi, uvumbuzi na majina ya biashara ni haki za wenyewe, zina thamani ya mali katika sheria, na haijuzu kuzivamia. Huo ni mwaka 1988, miaka 7 kabla ya kutoka Windows 95. Nayo serikali ya Uganda ina Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2006, na programu za kompyuta zimetajwa humo.

Uadilifu unatutaka tuseme pia kwamba wapo wanachuoni waliolegeza kwa mtu binafsi anayenakili kitu kwa haja yake mwenyewe bila kukifanyia biashara. Rai hiyo ipo na hatuifichi. Lakini ndugu zetu wanaoikimbilia hawaisomi hadi mwisho. Fundi anayepiga Windows kumi kwa siku na kulipwa kwa kila moja, je huyo hafanyi biashara? Shule inayoweka programu ya wizi katika kompyuta ishirini na kutoza ada ya somo la kompyuta, je hiyo ni haja binafsi? Rukhsa ya mtu mmoja haiwi leseni ya soko zima.

Na haielekei kabisa mtoto wetu wa Idaad au Thanawi asome mlango wa biashara, ajifunze masharti ya kuuza na kununua na ubaya wa udanganyifu, huku maandishi anayoyasoma yanaonyeshwa na mashine iliyofunguliwa kwa ufunguo wa bandia.

Tunajua jibu la pili la watu: "Leseni ni ghali." Ni kweli, ni ghali. Bei ya Windows 11 Home iliyotangazwa Marekani ni dola 139, karibu nusu milioni za shilingi zetu. Mama anayeuza matooke chini pale Namuwongo hana pesa hiyo, na hatumwambii ainunue. Tunachosema ni kwamba kitu kikiwa ghali tunaacha, au tunatafuta mbadala. Hatuvunji mlango. Na mbadala upo.

MADHARA YA DUNIANI

Tuache kidogo uhalali, tuzungumze usalama, kwa kuwa kuna wasiosikia isipokuwa hasara. Kraki ni programu iliyoandikwa na mtu usiyemjua, anayekutaka uzime kinga ya virusi kabla ya kuiendesha. Hebu tujiulize, mlinzi wa usiku ambaye hataki kuingia kazini mpaka kwanza umfunge mbwa, unampa ufunguo wa nyumba? Halafu mafundi wengi huzima masasisho ya Windows ili ile kraki isigundulike. Masasisho hayo ndiyo yanayoziba matundu ya usalama.

Mwezi wa Mei 2017 ilitokea programu hasidi iliyoitwa WannaCry. Ilifunga mafaili ya watu katika nchi zaidi ya 150 na kudai fidia. Hospitali za Uingereza zilivurugika, wagonjwa wakarudishwa nyumbani. Sasisho la kuziba tundu lile lilikuwa limekwishatolewa mwezi wa Machi mwaka huo huo, yaani miezi miwili kabla. Waliosasisha waliziba tundu. Waliozima masasisho walibaki na mlango wazi.

Kuna na hili. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilisimamisha msaada wa kawaida kwa Windows 10, ikaweka mwaka mmoja tu wa nyongeza ya ulinzi, hadi Oktoba 2026, kwa wanaojiandikisha. Nayo Windows 11 haikubali kila mashine. Inataka chipu ya usalama ya TPM 2.0, na kwa upande wa Intel inataka prosesa za kizazi cha nane kwenda mbele, isipokuwa chache sana. Laptopu nyingi tulizonazo ni za kizazi cha nne, cha tano, cha sita. Bado ni nzima, kibodi zake ni imara kuliko za leo, lakini zimefungiwa mlango. Fundi atakuambia ana ujanja wa kuilazimisha Windows 11 iingie. Huenda ikaingia, lakini Microsoft wenyewe wamesema kwamba mashine isiyotimiza masharti haina dhamana ya kupata masasisho. Mashine kama hizo hazina haja ya kutupwa wala kulazimishwa. Zinahitaji mfumo wa pili.

UCHAGUE UPI?

Mfumo tunaouzungumzia unajengwa juu ya kitu kinachoitwa Linux, kilichoanzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, mwanafunzi wa chuo kikuu kule Helsinki, Finland. Wanafunzi wetu walijue hilo: alikuwa na miaka 21. Leseni yake inakuruhusu kuutumia, kuunakili, kuubadilisha na kumpa jirani yako. Yaani kile kitendo cha kunakili flashi, ambacho kwa Windows ya kraki ni dhambi na kosa la sheria, kwa huu ni haki uliyopewa na mwenye mali. Ziko namna nyingi za mfumo huu, na wingi wenyewe ndio unaowatisha watu.

Kabla ya kutaja majina tungependa kuwaonya ndugu zetu juu ya namna fulani ya kuchagua. Mwaka 2007 palitokea mfumo ulioitwa Ubuntu Muslim Edition, baadaye ukapewa jina la Sabily, maana yake kwa Kiarabu ni njia yangu. Ulikuja ukiwa na programu ya Zekr ya kusomea Qur'ani, nyakati za swala, kalenda ya Hijria na kichujio cha tovuti chafu. Nia ilikuwa njema, Allaah awalipe walioutengeneza. Lakini toleo la mwisho lilitoka mwaka 2011, kisha mradi ukafungwa. Hata hivyo mpaka leo hukosi mtu anayepita akitangaza kwamba Waislamu tuna mfumo wetu na kuwapa watu nakala ile ya zamani, yenye misikiti mizuri kwenye skrini na matundu ya usalama ya miaka zaidi ya kumi. Mfumo endeshi hauwi wa Kiislamu kwa picha ya Al-Kaaba ukutani. Uliza ni nani anayeuhudumia, masasisho yatakoma mwaka gani, na kama jirani yako anao ili mkikwama msaidiane. Programu ya Qur'ani na ya nyakati za swala unaweza kuiweka katika mfumo wowote.

Kwa vigezo hivyo, mkononi yanabaki majina mawili kwa nyumba za kawaida. La kwanza ni Ubuntu, uliotolewa mara ya kwanza Oktoba 2004 na kampuni ya Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini. Jina lenyewe Mganda halihitaji kufasiriwa, maana sisi husema obuntu. Waliokuwa vyuoni miaka ile wanakumbuka CD zake zilizotumwa bure kwa posta hadi mwaka 2011. Matoleo yake ya muda mrefu hutoka kila baada ya miaka miwili, mwezi wa Aprili, na huhudumiwa miaka mitano. Jina la pili ni Linux Mint, lililoanza mwaka 2006, ambalo limejengwa juu ya Ubuntu lakini sura yake inafanana zaidi na Windows iliyozoeleka: menyu chini kushoto, saa chini kulia. Kwa Hajati anayetaka kuandika barua na kuongea na mwanawe aliye Muscat, sisi tunapendekeza Mint. Kama mashine ina RAM ya GB 4 au pungufu, achukue Mint ile yenye sura nyepesi inayoitwa Xfce. Faili ya Ubuntu ni karibu GB 6 na ya Mint karibu GB 3, na kwa bei ya bando hapa, pamoja na ule ushuru wa asilimia 12 uliowekwa Julai 2021, tofauti hiyo si ndogo.

Wanaosema kwamba hivi vitu haviwezekani Uganda, tunawauliza kama wanapajua Nkozi, kwenye barabara ya Masaka. Chuo Kikuu cha Uganda Martyrs, cha ndugu Wakatoliki, kiliamua mwanzoni mwa miaka ya 2000 kuhamia programu huria, na uzoefu wake umeandikwa ukasomwa nje ya nchi. Katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam nako, mradi wa Kilinux ulitoa mwaka 2004 Jambo OpenOffice, programu ya ofisi yenye menyu za Kiswahili. Hiyo ni zaidi ya miaka ishirini. Na sisi bado tunabishana kama jambo linawezekana!

Kwa mwalimu wa madrasa kuna faida nyingine ambayo watu hawaitegemei. LibreOffice, ambayo huja pamoja na mifumo hii, inaandika kutoka kulia kwenda kushoto vizuri, na fonti ya Amiri, kazi ya Khaled Hosny wa Misri, ni ya bure na inapanga harakati mahali pake. Mitihani ya Kiarabu tunaiandika kwa hiyo, na karatasi inatoka safi.

WASIOTAKA WINDOWS HATA KUIONA

Sasa tuwageukie ndugu wa upande wa pili, maana nao wanaharibu. Hawa ni vijana waliojifunza Linux juzi, wakaona Windows ni shetani, wakaingia nyumba za watu na kufuta kila kitu. Mtoto anarudi shule anakuta kompyuta haina Microsoft Office. Ni wa S6, anasoma ICT ya nyongeza, na mtihani wa vitendo wa UNEB utamkalisha mbele ya programu zile zile za Microsoft, pamoja na hifadhidata na vipeperushi. Ukimwambia kwamba LibreOffice ni karibu sawa, atakujibu kwamba msahihishaji hana alama za "karibu sawa". Ana haki. Vivyo hivyo mzazi anayetumia programu ya mahesabu ya duka ambayo haipo kwingine.

Ndiyo maana tunasema mfumo wa PILI. Windows ya halali iliyokuja na mashine ibaki, ifanye kazi ambazo ni yeye tu anayeziweza. Mfumo wa pili ubebe mengine yote: intaneti, barua, darsa za kusikiliza, kuandika. Na kwa ile mashine ambayo Windows yake tayari ni ya wizi na leseni yake ya asili haipatikani, hapo ndipo mfumo huria ubaki peke yake, na mtoto afanyie mazoezi ya UNEB shuleni.

NAMNA YA KUUWEKA

Kwanza nakili mafaili yako nje. Picha za harusi, vyeti, makaratasi ya kiwanja, kila kitu, weka kwenye diski ya nje. Si kesho, ni kabla ya kugusa kingine chochote. Zoezi hili linahusu kuigawa diski, na umeme wetu mnaujua. Laptopu iwe na betri iliyojaa na imechomekwa. Kompyuta ya mezani isiyo na UPS tungeomba msiiguse siku yenye mawingu mazito.

Pili, ukiwa ndani ya Windows, angalia kama diski imefungwa kwa BitLocker. Mashine nyingi za Windows 11 hufungwa hivyo bila mwenyewe kujua. Tafuta ule ufunguo wa kuokolea wenye tarakimu 48 katika akaunti yako ya Microsoft, uuandike kwenye daftari, kisha ufungue diski. Zima pia kile kinachoitwa Fast Startup katika mipangilio ya umeme. Kikibaki, Windows hailali usingizi kamili, inafumba jicho moja tu, na mfumo wa pili utakataa kuandika katika sehemu yake. Halafu ingia Disk Management, bonyeza sehemu ya C, chagua Shrink Volume, upunguze GB 50 au zaidi kama nafasi ipo. Usiipe jina nafasi hiyo. Iache tupu.

Tatu, pakua faili ya Mint kutoka tovuti yake rasmi, siyo kutoka kwa rafiki wa rafiki, na uiandike kwenye flashi ya GB 8 kwa programu ya Rufus. Flashi itafutwa yote, kwa hiyo isiwe ile yenye kaswida za watoto. Washa mashine upya ukibonyeza F12 au F9 au Esc, kutegemea kampuni, uchague flashi.

Hapa pana neema ambayo Windows haina. Mfumo utafunguka kutoka kwenye flashi bila kugusa diski kabisa. Kaa humo hata saa nzima. Jaribu Wi-Fi, jaribu sauti, jaribu kamera, jaribu printa. Baadhi ya laptopu za zamani zina kadi ya Wi-Fi ya Broadcom ambayo haitambuliki papo hapo. Unganisha simu kwa waya, uipe mashine intaneti, kisha uweke kiendeshi chake. Kama kitu cha lazima kimekataa kabisa, zima, toa flashi, na hujapoteza kitu.

Ukiridhika, bonyeza alama ya kuweka mfumo. Utafika mahali unapoulizwa aina ya uwekaji. Soma polepole. Lipo chaguo la kuuweka mfumo kando ya Windows, hilo ndilo letu. Na lipo lililoandikwa Erase disk. Hilo linafuta nyumba nzima, Windows na picha za harusi pamoja. Watu wengi waliotujia wakilia walibonyeza hilo wakiwa na haraka ya kwenda kula. Kazi ikiisha, kila ukiwasha kompyuta utaona orodha ya kuchagua, na usipochagua utaingia ule wa kwanza.

Hatusemi hakuna matatizo. Agosti 2024 sasisho moja la Windows lilizuia mifumo mingi ya Linux isiwake katika mashine zenye mifumo miwili, na watu wakahangaika hadi walipozima Secure Boot kwa muda. Microsoft walikuja kulirekebisha mwaka uliofuata. Anayekuambia kwamba mifumo miwili haigombani kamwe hajaishi nayo.

Tatizo lingine ni dogo lakini kwetu lina uzito wake. Windows huihesabu saa iliyo ndani ya mashine kuwa ni saa ya Kampala, na Linux huihesabu kuwa ni saa ya dunia, ambayo iko nyuma yetu kwa masaa matatu. Kwa hiyo ukitoka Linux ukaingia Windows, unaweza kuikuta saa imerudi nyuma masaa matatu kamili. Kama umeweka programu ya adhana, itaadhini Adhuhuri wakati msikitini wanajiandaa kwa Alasiri. Dawa yake ni amri moja ndani ya Linux: timedatectl set-local-rtc 1. Iandike kama ilivyo, bonyeza Enter, mambo yatatulia.

WATOTO JE?

Swali hili akina mama wametuuliza kuliko yote, na ni swali la maana. Umemwekea mtoto uangalizi wa kifamilia katika Windows, umefunga tovuti chafu, umepanga saa za kulala. Halafu unampa mlango wa pili ambao uangalizi ule haufiki! Wapo vijana waliotaka mfumo wa pili kwa sababu hiyo hiyo, na walikuja kwetu wakisema ni kwa ajili ya masomo.

Jibu letu ni kwamba kufuli la ndani ya Windows lilikuwa dhaifu tangu mwanzo, maana mtoto mwenye flashi angeweza kuliruka hata bila ruhusa yako. Funga nje. Kama nyumba ina ruta, ingia katika mipangilio yake uweke DNS ya 1.1.1.3, huduma ya bure ya Cloudflare iliyoanza Aprili 2020, inayozuia tovuti za uchafu na za virusi kwa vifaa vyote vinavyopita hapo, simu zikiwemo. Ruta isipokuwepo, iweke katika mifumo yote miwili. Weka neno la siri kwenye BIOS ili mtu asiwashe flashi bila wewe, na neno la siri la msimamizi wa Linux likae kwako, mtoto apewe akaunti ya kawaida. Na kompyuta ikae sebuleni, skrini ikitazama watu. Hilo la mwisho linafanya kazi katika mfumo wowote uliowahi kutengenezwa.

Kwa wale wa hapa Kisugu na jirani zetu wa Kibuli na Namuwongo, hakuna haja ya kila nyumba kuchoma bando la GB 3. Faili ya Mint tunayo, na kuinakili ni halali. Njooni madrasa siku ya Jumapili baada ya Alasiri na flashi tupu ya GB 8. Anayetaka asaidiwe kuweka aje na mashine, waya wake wa chaji, na diski ya nje yenye nakala ya mafaili yake. Asiye na nakala tutampa flashi aende nayo, lakini diski yake hatutaigusa.